KUTUNGA SHANGA, KUTUNGA BEI
Somo la msamiati wa mapambo na hesabu ya biashara ndogo

Katika toleo hili nimepewa kurasa za somo, na badala ya kukurudisha kwa yale ya kila mwaka, yaani majina ya vikembe vya wanyama na makundi ya nomino, nimeonelea twende sokoni. Tutakwenda na daftari na kalamu. Soko lina Kiswahili chake na lina hesabu yake, na mwenye kukosa hivyo viwili huibiwa mchana peupe, tena huibiwa na mikono yake mwenyewe. Hilo la mwisho nitalieleza tukifika kwenye hesabu.

Nitazungumzia mapambo yanayotengenezwa kwa mikono: bangili, vipuli, mikufu, mishipi ya ngozi na vitu vya jamii hiyo. Nimeyachagua kwa sababu sote tunayajua. Hakuna bweni lisilokuwa na msichana anayetunga bangili ya rangi za bendera wakati wa masomo ya jioni, na walimu wa zamu, nikiwemo mimi, hujifanya hatuoni. Nyumbani vilevile, wengi wenu karo yenu imewahi kupita juu ya meza ya mtu auzaye vitu vidogo vidogo. Kwa hiyo msione kwamba somo hili ni la mchezo.

KITENZI CHENYEWE

Kwa Kiswahili shanga hazishonwi wala hazifungwi. Shanga hutungwa. Mtu huchukua uzi akapitisha ushanga mmoja, akapitisha wa pili, wa tatu, hadi urefu utimie. Mvuvi naye hutunga samaki kwenye kamba, na akiwabeba huwa amebeba mtungo wa samaki. Mshonaji hutunga uzi kwenye sindano. Mshairi hutunga shairi, na zao la kazi yake likaitwa utungo. Wazee wetu waliona kwamba kazi hizi zote ni moja: kupanga vitu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu ambao ukivunjika katikati mwisho wake hauji sawa. Mwenye kutunga shairi la mizani nane kwa nane akipoteza mizani moja, sikio hugutuka. Mwenye kutunga bangili ya shanga nne nyekundu kwa nne nyeupe akiruka moja, jicho hugutuka.

Mimi naongeza kwamba bei nayo hutungwa. Watu wengi hudhani bei hutajwa tu, kama vile mtu anavyotaja jina lake.

MAJINA YA MAPAMBO

Ushanga ni nomino ya ngeli ya U-ZI: ushanga huu umepotea, shanga hizi zimepotea. Bangili iko katika I-ZI, haibadiliki: bangili hii, bangili hizi. Mkufu ni U-I na kidani ni KI-VI. Haya mnayajua darasani, lakini mkifika sokoni nasikia "mabangili", "mashanga" na "hii mikufu yangu imekatika yote". Kuongeza ma- kila mahali ni tabia ya mazungumzo ya mjini. Sitampiga mtu kwa hilo akiwa anauza, ila katika insha nitatumia kalamu nyekundu.

Pambo la sikio ni herini, au kipuli. Hapa kuna mtego kwa ndugu zetu ambao L na R huwachanganya. Vipuli huvaliwa masikioni. Vipuri hununuliwa Kirinyaga Road na kutiwa kwenye gari. Mwaka fulani niliwahi kusahihisha insha ambamo bibi harusi aliingia kanisani akiwa na "vipuri vya dhahabu", nami nikamwona maskini bibi harusi akilia kama matatu inayohitaji breki.

Pambo la puani huitwa kipini likiwa dogo, na likiwa pete huitwa hazama. Pambo la mguuni laweza kuwa furungu au mtali, na njuga ni zile kengele ndogo ndogo ambazo mchezaji ngoma huzifunga miguuni ili zilie. Kekee ni bangili pana ya fedha. Utunda ni uzi wa shanga uvaliwao kiunoni, nao haupaswi kuonwa na kila mtu. Majina haya mengi mtayasikia Pwani kwa wanawake wenye umri, na ni hazina kwa mwenye kuandika. Lakini nawaonya: usimwambie mteja wa Nairobi "njoo nikuuzie furungu" halafu ushangae akiendelea na safari yake. Jina la sokoni ni lile ambalo mnunuzi analijua.

Jina zuri laweza kuwa sehemu ya bidhaa. Mwaka 1975, huko Karen, Susan Wood alianza karakana ndogo ya kufinyanga shanga za udongo, akiwa na wanawake wawili tu waliokuwa wakilea watoto peke yao. Karakana hiyo ilikua hadi ikaajiri mamia ya wanawake. Iliitwa Kazuri. Mwalimu wa sarufi angesema kwa udogo tuseme "kizuri" au "kijipambo kizuri", kwa kuwa hiyo ka- si ya Kiswahili sanifu bali imeletwa na lugha zetu nyingine za Kibantu. Hata hivyo kila Mkenya akilisikia hilo neno anaelewa kuwa ni kitu kidogo tena cha kupendeza. Sarufi ilipoteza pale, biashara ikashinda.

ASILI YA SHANGA

Watu hufikiri shanga zililetwa na wageni. Shanga za kioo, ndiyo. Shanga zenyewe, hapana. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wanaakiolojia walipata ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Katika Bonde la Ufa, kwenye pango la Enkapune ya Muto karibu na Naivasha, zilipatikana shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa miaka kama 40,000. Hebu fikiria mtu aliyeketi pale na kipande cha ganda, akikitoboa katikati bila ya msumari wala keekee ya chuma, kisha akilisugua ukingo hadi liwe duara. Hakuwa na njaa ya kutosha kumzuia kutaka kupendeza.

Shanga za kioo zilikuja baadaye kwa bahari. Kisiwani Pate kuna mji wa kale uliohamwa, jina lake Shanga, na katika uchimbaji wa miaka ya 1980 zilipatikana humo shanga za kioo kutoka ng'ambo. Mwishoni mwa karne ya 19 shanga ndogo za kioo zilimiminika bara kwa wingi, na hata leo nyingi ya zile ndogo ndogo ambazo mama wa Kimaasai huzitunga kwa ustadi hutengenezwa katika nchi ya Ucheki, ambako kazi hiyo ni ya miaka mingi. Basi pambo ambalo mtalii hulinunua akisema ni la Kiafrika kabisa lina malighafi ya Ulaya. Cha Kiafrika ndani yake ni mpangilio wa rangi, na mikono. Shikilieni hilo neno mikono, maana tutalirudia.

KUNUNUA KWA MACHO MAWILI

Mtengenezaji wa mapambo ni mnunuzi kabla hajawa muuzaji. Malighafi bora si lazima itoke kwenye duka la jumla. Pale Gikomba robota la mitumba likifunguliwa, wachuuzi huchagua kwanza nguo bora, nazo huziita "kamera". Mabaki ya mwisho huitwa "fagia". Mwenye kutafuta nguo hukimbilia kamera. Mwenye kutafuta mapambo asidharau fagia. Humo kuna mshipi uliokatika lakini bizimu yake ni ya shaba njano, kuna koti lililochanika lenye vifungo sita vya pembe ya ng'ombe, kuna mkoba ambao zipu yake imekufa lakini ngozi yake yatosha bangili kumi. Kuna mikufu iliyokatika ambayo muuzaji hana haja nayo, anataka tu meza yake iwe safi jioni. Hapo ndipo pa kuuliza: "Hizi zote ni ngapi nikibeba?"

Hili si jambo geni. Masonara wa Lamu huchukua vigae vya vyombo vya kauri vya zamani wakavitia kwenye pete za fedha. Mafundi wa Kibera huyeyusha kufuli na mifereji mibovu ya shaba njano wakapata vipuli na bangili. Huko pwani ya kaskazini, ndala zinazotupwa ufuoni na bahari zimekuwa wanyama wa rangi rangi na vishikio vya funguo. Macho ya mtu huyu hayaoni taka, yanaona kitu ambacho hakijamalizwa.

Lakini macho peke yake hudanganywa, kwa hivyo jifunze kupima. Ushanga wa kioo ukiuweka shavuni huwa baridi na mkononi huwa mzito, wa plastiki huwa vuguvugu na mwepesi. Rangi ipime kwa kitambaa cheupe kilicholowa: sugua, na kitambaa kikigeuka chekundu basi jasho la mteja litafanya vivyo hivyo, na shati lake jeupe litarudi kwako pamoja na yeye mwenyewe. Shaba njano haivutwi na sumaku. Kikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi. Ukitaka kujua kama ni mfupa au plastiki, pasha sindano moto uguse mahali pasipoonekana: plastiki huyeyuka, mfupa hunuka kama ukucha unaoungua. Omba ruhusa kwanza kama bado hujalipa! Uzi uvute kwa nguvu kabla ya kuununua, usione haya. Wengi hutumia mshipi wa kuvulia samaki, nao ni imara, ila ukichakaa kwa jua hukatika bila kutoa habari. Na unaponunua shanga ndogo kwa namba, kumbuka kwamba namba ikipanda ushanga unapungua: namba 8 ni kubwa kuliko namba 11. Wanaoanza hununua kinyume.

Viko vitu ambavyo hata ukiuziwa kwa bei ya karanga usiguse. Pembe ya ndovu, singa za mkia wake, gamba la ng'amba. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali, na tarehe 30 Aprili 2016 serikali iliteketeza tani 105 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi ili ulimwengu uone kuwa Kenya haifanyi mzaha. Mtu akikunong'onezea kwamba hiyo bangili nyeusi ni ya singa halisi za ndovu, ama anakuongopea ama anakupeleka jela. Yote mawili si biashara.

MAZUNGUMZO SOKONI

Soma mazungumzo haya kwa sauti, wawili wawili. Muuzaji ni mama wa makamo, mteja ni msichana wa shule.

MUUZAJI: Karibu kastama, karibu mwanangu. Kuangalia ni bure.
MTEJA: Asante mama. Shikamoo.
MUUZAJI: Marahaba. Wewe umelelewa.
MTEJA: Hii bangili ni pesa ngapi?
MUUZAJI: Hiyo ni mia mbili, lakini kwa vile wewe ndiye unanifungulia biashara leo, nipe mia na themanini.
MTEJA: Mia na themanini! Mama, kule mbele wanauza mia moja.
MUUZAJI: Za kule mbele ni plastiki. Shika hii. Iweke kwa shavu. Si unasikia baridi? Hiyo ni kioo.
MTEJA: Ni kweli. Lakini mimi ni mwanafunzi, niko na mia moja na nauli.
MUUZAJI: Nauli sitaki, utafikaje nyumbani? Ongeza kitu.
MTEJA: Mia na ishirini.
MUUZAJI: Aka! Hapo hata uzi haujarudi. Leta mia na hamsini, ndiyo bei ya kutoka.
MTEJA: Na nikichukua mbili, mama? Mia mbili na hamsini zote. Nitamwomba dada yangu yule pale aniongezee.
MUUZAJI: (Akicheka) Wewe utakuwa wakili. Haya, chukua. Lakini ulete na wenzako!

Kwanza lugha. "Niko na mia moja" ni mazungumzo. Kwa maandishi tunasema "nina mia moja". "Iweke kwa shavu" ni "iweke shavuni". "Wewe ndiye unanifungulia" inadai kirejeshi: "wewe ndiye unayenifungulia". Zingatia pia "kufungua biashara", maana yake kuuza kwa mara ya kwanza siku hiyo, na "bei ya kutoka", yaani bei ambayo chini yake muuzaji hashuki. Huyu mama amesema kwa adabu na uchangamfu, na mteja naye amejibu kwa heshima. Biashara haigombi.

Kama mteja angekuwa kijana wa mtaa, mngesikia "soo" badala ya mia, "punch" kwa mia tano, "ngiri" kwa elfu, na "hamsa" kwa hamsini. Hiyo hamsa hunichekesha, kwani katika Kiswahili cha wazee hamsa ni tano. Babu wa Pwani akidaiwa hamsa atatoa shilingi tano na kungojea chenji ya shukrani. Sheng iacheni langoni mkiandika, lakini mkisimama nyuma ya meza mjue inavyosema, msije mkapokea mia mkidhani mmepokea elfu.

Sasa tutazame fedha. Mama alikataa shilingi 120 kwa bangili moja, akasema hata uzi haujarudi. Mara akakubali mbili kwa 250, ambayo ni 125 kwa kila moja. Kumbe ile bei ya kutoka haikuwa na sakafu. Je, amepata au amepoteza? Mwulizeni, atawaambia amepata. Nami nasema hajui, na kutojua huko ndiko kunakomaliza biashara nyingi za mapambo kabla hazijafikisha mwaka.

HESABU YA BANGILI ISHIRINI

Tuchukue mfano. Tuseme mama huyu hutengeneza bangili 20 kwa mpigo mmoja. Shanga za kioo amenunua kwa shilingi 1,000. Uzi, 100. Vishikizo 20 kwa shilingi 10 kila kimoja, 200. Nauli ya kwenda mjini na kurudi, 200. Karatasi za kufungia, shilingi 5 kila moja, 100. Jumla ni 1,600. Ukigawa kwa 20, kila bangili imekula shilingi 80.

Akiuza kila moja kwa 125, atapata mauzo ya 2,500. Akitoa 1,600, abaki na 900. Hapo ndipo watu huimba: faida mia tisa! Uzi umerudi, na shanga zimerudi, na nauli imerudi. Mama alipomwambia msichana kwamba uzi haujarudi, maneno yake yalikuwa ya kupatana bei tu.

Kisichorudi ni mikono. Bangili moja ya namna hiyo humchukua dakika 45. Ishirini ni dakika 900, yaani saa 15. Macho yake yameumia kwa taa ndogo, mgongo umekakamaa, na siku mbili hizo hakufanya kazi nyingine. Angekwenda kufulia watu nguo au kupalilia shamba angelipwa kibarua. Kwa hivyo tuulize: mahali anapokaa, mtu akifanya kazi saa nzima hulipwa ngapi? Tuseme 80. Saa 15 mara 80 ni 1,200. Huo unaitwa ujira, na ujira si faida. Ujira ni gharama, sawasawa na uzi.

Basi gharama kamili ni 1,600 na 1,200, jumla 2,800. Ukigawa kwa 20 ni 140 kwa bangili. Na bado. Katika bangili ishirini, moja itakatika ikiwa mezani kwa kuvutwa na wasionunua, na nyingine atapewa mtoto wa dada. Tuhesabu kwamba atauza 18. Gharama 2,800 kwa 18 ni kama shilingi 156. Hiyo 156 ndiyo sakafu. Ndiyo bei ya kutoka ya kweli. Chini ya hapo, mama huyu anamlipa mteja ili mteja avae bangili.

Rudini kwenye mazungumzo. Kwa 125, hata kama zote 20 zingeuzwa, zile 900 zinazobaki kwa saa 15 za kazi ni shilingi 60 kwa saa. Zikiuzwa 18, mauzo ni 2,250, baki ni 650, sawa na shilingi 43 kwa saa. Angeulizwa, "Mama, waweza kunitungia shanga kwa shilingi 43 kwa saa?" angemfukuza aliyeuliza. Lakini amejiajiri mwenyewe kwa mshahara huohuo, na hakuna wa kumfukuza.

Angepaswa kufanyaje? Kutaja 200 ni sawa, kunampa nafasi ya kushuka. Kushuka hadi 180 ni sawa. Akiombwa mbili kwa mpigo, aseme 330, ambayo ni 165 kwa moja, na mteja ataona amepunguziwa kwelikweli. Chini ya hapo amwambie msichana kwa upole, "Mwanangu, nina hizi nyingine za shanga moja moja, ni nyepesi, nakupa kwa 100," kwa kuwa bangili ya dakika 15 ina sakafu yake ya chini zaidi. Kuwa na vitu vya bei tatu mezani huokoa muuzaji kuliko kuwa na ulimi mrefu.

Tuyaweke maneno mahali pake. Mauzo ni fedha zote zilizoingia. Mtaji ni zile zilizotangulia kutoka, na lazima zirudi kwenye kopo lao, zikanunue shanga nyingine. Ujira ni wa mikono, huo nenda nao nyumbani ukapike. Faida ni kinachosalia baada ya hivyo viwili, na faida ndiyo hukuza biashara. Kwa mazungumzo ya kila siku vyote vinne huitwa "pesa", navyo hukaa mfuko mmoja wa aproni pamoja. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, mkono huingia mfukoni na kutoa, wala haujui umetoa kipi. Ndivyo mtu hula mtaji. Hakula kwa ulafi. Alikula kwa sababu ya mtoto wake, na Jumatatu hana cha kununulia shanga.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. M-Pesa, tangu ilipoanza mwaka 2007, imekuwa kama nusu ya daftari, kwani ujumbe hubaki kwenye simu. Lakini simu inakwambia zilizoingia na zilizotoka tu. Haikwambii kwamba ndani ya ile mia na hamsini, themanini si zako, ni za shanga.

KUUZA

Kuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote kwa wahenga, naipinga nusu. Kizuri kilichofungwa kwenye mfuko chini ya kitanda hakijiuzi. Waliotunga methali hiyo walikaa mahali ambapo kila mtu alimjua fundi. Siku hizi kizuri nacho hujitembeza: huvaliwa na mwenye kukitengeneza, huning'inizwa mahali penye mwanga, hupigwa picha nzuri. Kifungashio nacho huzungumza. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na wengi wamegundua kwamba karatasi ya kaki iliyokunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa katani huifanya bangili ya mia na hamsini ionekane ya mia tatu.

Bangili za rangi za bendera nazo nina neno. Zinauzika, sikatai. Lakini kila meza inazo, na mahali ambapo kila meza ina kitu kimoja, mnunuzi hulinganisha bei peke yake. Yule wa mwisho kushuka ndiye huuza, na tumekwisha kuona aliyeshuka anavyolipwa. Weka hata kifungo kimoja cha pembe ulichokitoa kwenye fagia, ili mteja asiseme "kule mbele wanauza mia".

La mwisho ni mali kauli. Neno hili zuri maana yake ni kumwachia mwenye duka bidhaa zako kwa ahadi ya mdomo, alipe akishauza. Namfahamu mama mmoja aliyeacha bangili 60 kwenye duka fulani la watalii kwa njia hiyo. Ziliuzwa, tena kwa mara tatu ya bei yake, na fedha zake alizipata baada ya miezi mitano, kidogo kidogo, baada ya kwenda pale mara nyingi kwa nauli yake. Kwa miezi hiyo hakuwa na mtaji wa kutunga hata bangili moja. Watoto wake wawili walikaa nyumbani muhula mzima. Mwenye duka hakumwibia hata senti, alimlipa zote. Kauli ilitimizwa, ila haikuwa na tarehe. Mali kauli iandikwe: idadi, bei, siku ya kulipa, sahihi za wawili. Karatasi ya daftari ya shule yatosha.

ZOEZI

(a) Andika kwa wingi: Ushanga wangu umeanguka. Mkufu huu umekatika. Kipuli kile kinang'ara.
(b) Sahihisha: "Hii mabangili iko na rangi mzuri, hebu weka kwa mkono."
(c) Eleza tofauti: kipuli na kipuri, ujira na faida, mtungo na utungo.
(d) Fundi anatengeneza vipuli jozi 30. Malighafi zote ni shilingi 900, nauli 150, ada ya soko 50. Kila jozi humchukua dakika 20, na saa yake anaihesabu kwa shilingi 90. Jozi 3 huharibika. Tafuta bei ya kutoka. Kisha andika mazungumzo ya sokoni, kurasa mbili, ambamo mteja anaanzia shilingi 50 na fundi hashuki chini ya sakafu yake wala hakosi adabu.

Majibu yaletwe kabla ya mkutano wa Alhamisi. Swali la (d) lisahihishwe na mzazi au jirani anayeuza sokoni, na atie sahihi yake chini.